Neno la Siri la Fundi Wetu

Tii. Tii. Tii. Mpaka leo naisikia sauti ya kile kiboksi cha kuhifadhi umeme chini ya meza yangu ya mapokezi, kikinihimiza nihifadhi kazi kwa kuwa umeme umekatika. Nilikuwa nimeinama kukizima simu ilipoita, na muuguzi wa zahanati yetu ya Mkonze akasema bila hata salamu, "Dada, fundi wetu hatunaye." Nikamuuliza, "Amesafiri?" Jamani, wasomaji wangu, ndivyo nilivyouliza. Mtu aliyetutunzia kompyuta za zahanati mbili, ya Mkonze na hii yetu ya Nzuguni, alikuwa ameanguka asubuhi ile nyumbani kwake, mtaa wa Kikuyu, na hakuinuka.

Mimi niliishia kidato cha nne, lakini kuota sikuacha. Nilimwambia siku moja nitakuwa fundi kama yeye, naye hakucheka. Seva yetu, kompyuta kubwa inayobeba mafaili yote ya wagonjwa, iko kabatini Mkonze, haina hata skrini. Yeye ndiye aliyeiwekea mfumo wa Linux, kisha akatengeneza njia ili mimi niketi Nzuguni, niingie kwa jina langu, na meza nzima ya seva, yaani madirisha na mafaili yake, itokee kwenye skrini yangu. Siku aliyoikamilisha alitaka kuongeza ulinzi, akawasha ukuta wa kuzuia wavamizi kabla ya kuuambia uturuhusu sisi. Skrini ikaganda. "Nimejifungia nje, mdogo wangu," akasema. "Na ufunguo je, kaka?" "Uko ndani!" Tulicheka mpaka wagonjwa nao wakacheka bila kujua kisa. Akapanda bodaboda hadi Mkonze, akarudi mwekundu kwa vumbi kama tofali. Nilipomwomba anifundishe na anipe neno la siri la usimamizi, alinipungia mkono tu. "Ya nini kujisumbua? Mimi si nipo?" Alisema kwa upendo. Upendo huohuo ndio uliokuja kutuponza.

Siku ya tatu baada ya mazishi, seva ilianza kunikataa. Nikiandika jina langu, skrini inakuwa nyeusi, inanirudisha mlangoni, pale pa kuandika jina. Mkonze nao hivyohivyo. Kuizima na kuiwasha upya hatukuthubutu, kwa sababu ikizimwa haiwaki bila neno la siri la fundi. Na siku hiyohiyo akaja mama mmoja kutoka Chemba, amembeba binti yake mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu, mtoto anawaka homa. Mwaka uliopita, hapahapa kwetu, sindano fulani ilimvimbisha uso mpaka pumzi ikakaribia kukatika. Sindano gani? Mama hakumbuki, kadi ililowa mvua, jina limo kwenye faili lake la kwenye seva tu. "Sichomi kwa kubahatisha," muuguzi wetu akasema, "na hata nikimwandikia rufaa, huko nako watauliza hilohilo." Mama akanitazama mimi, kwa kuwa ndimi niliyekaa kwenye kompyuta. "Mwanangu, si ufungue tu?"

Nikaenda Kikuyu, nyumbani kwa marehemu. Matanga hayajaanuliwa, wanaume wamekaa nje, na mimi nimekuja kuuliza habari za kompyuta! Baba mdogo wa marehemu alinikatiza mapema. "Daftari lake la kazi na vitu vyake vyote vimefungiwa. Haviguswi mpaka ukoo ukutane." Sikumlaumu, ndivyo walivyozoea. Mjane alinitazama kutoka mkekani. "Wifi, umekuja kwa ajili yake au kwa ajili ya mashine?" Nikalia. Nilipoweza kusema nikamweleza habari za mtoto. Akanivuta sikio karibu na mdomo wake, akaninong'oneza neno lile, herufi moja moja. Miaka yote mumewe alikuwa akiandika huku anatamka, naye yuko palepale anachemsha uji. Baba mdogo akakohoa. "Sijafungua daftari, baba," mjane akamjibu. "Nimesema tu."

Nawaandikia haya kwa kuwa najua kila ofisi ina mtu kama huyu, mwema, mchapakazi, aliyebeba kila kitu kichwani ili wengine tusisumbuke. Tunampenda, kwa hiyo hatumsumbui. Msumbueni. Mwambieni akae nanyi awaonyeshe, mwingine aandike, karatasi ifungiwe mahali wawili wanapajua. Kumtegemea mtu mmoja si kumheshimu, ni kumtwisha mzigo ambao hata kifo hakimtui.

Nilirudi Nzuguni, nikaingia kwa jina lake. Kwa kuwa yake ilikuwa wazi tayari, meza yake ikatokea kama alivyoiacha: madirisha kumi na kitu yamefunguliwa, yameendelea kula nafasi ya seva siku hadi siku mpaka ikaisha, ndiyo maana sisi tulikosa pa kuingia. Usiku wake wa mwisho alikuwa amefunika kompyuta yake tu akaenda kulala, huku ndani bado yumo. Katikati palikuwa na maandishi aliyoyaanza: "Mdogo wangu, ukitaka kuingia kama msimamizi, kwanza" – basi, hapo ndipo yalipokomea. Muuguzi alikuwa chumba cha pili na mtoto, mama akimpepea. Nikaihifadhi sentensi ile kama ilivyo. Kisha nikasogeza mshale hadi mahali palipoandikwa Toka, nikasema "Samahani, kaka" kwa sauti ndogo, nikabonyeza ili madirisha yake yatupishe, halafu nikaandika jina langu, nikaingia kulitafuta faili la mtoto.