Bunduki ya Marehemu na Watani Wake

Watu wakisikia mie ni mwenyekiti wa chama cha wawindaji cha taifa, wanadhani nashinda porini. Nashinda Mwananyamala, kwenye chumba cha nyuma ya duka langu la vifaa vya ujenzi, nasikiliza watu wazima wakilalamika kwenye simu. Mmoja kibali chake kimechelewa. Mwingine kapewa kongoni, yeye anataka nyati. Mwingine, daktari mzima wa meno, ananipigia saa kumi na mbili asubuhi kuniuliza kama nguruwe pori naye anahesabiwa. Mie nimeishia darasa la nne. Nilibeba magunia Kurasini, nikanunua mkokoteni, mkokoteni ukazaa lori, lori likazaa duka. Sijawahi kumwamsha mtu nimuulize jambo lililoandikwa kwenye karatasi niliyoishika mwenyewe mkononi.

Lakini mwaka huo tulikuwa na shida moja ya kweli, nyingine zote zilikuwa kelele. Pori tulilolizoea sie wenyeji, tunakokwenda kila msimu na vibali vyetu kutafuta kitoweo, lilikuwa linafikiriwa kufungwa. Ofisi inayotoa vibali ikatupangia Jumatatu moja, miezi kadhaa mbele, twende tukaeleze kwa nini lisifungwe. Hoja dhidi yetu tuliijua: kwamba bunduki za wenyeji hazina mwenyewe. Leo iko kwa fulani, kesho kwa shemeji yake, keshokutwa imekamatwa mikononi mwa jangili.

Nikasema hawa nitawajibu kwa daftari. Miezi minne nilizunguka, Mbagala, Ukonga, Tegeta, na wa mikoani nikawapigia mmoja mmoja. Naandika jina, namba ya bunduki, kasha la chuma liko chumba gani, ufunguo anao nani. Watu walinisema vibaya. Mmoja akaniuliza, "Mwenyekiti, unataka ramani ya kuja kuniibia?" Mwingine akasema niandike kwamba ufunguo wake anao Mungu. Nikavumilia, nikamaliza. Katibu wetu, mwalimu mstaafu kutoka Bukoba anayeongea kama anasahihisha madaftari, akalichapa vizuri, na chini nikatia sahihi kwamba kila bunduki iliyomo inajulikana ilipo. Sahihi yangu inanichukua muda kuiandika, lakini nikishaiweka imewekwa.

Ijumaa, siku tatu kabla ya Jumatatu hiyo, akafariki mwanachama wetu wa Mbagala.

Yeye alikuwa Mzaramo, mie Mnyamwezi, kwa hiyo tulikuwa watani kabla hatujawa marafiki. Tuliwinda pamoja tangu mie nina lori moja. Na miaka yote hiyo tulikuwa na ugomvi mmoja usioisha, wa kichuguu. Mmoja wetu aliwahi kutambaa kwa tumbo karibu saa nzima akimnyemelea nyati, akafika karibu akakuta ni kichuguu. Yeye alisema ni mie. Mie nilisema ni yeye. Shahidi hatukuwa naye. Kila mkutano mkuu suala hilo lilikuja kabla ya ajenda, na wanachama walikuja mapema wasilikose.

Jumamosi asubuhi nikavaa suti yangu ya Kaunda nikaenda Mbagala na katibu. Moyoni nina huzuni, kichwani nina bunduki. Mwenye bunduki akifa, familia inatakiwa kuikabidhi polisi, na mie nilikuwa na Jumatatu inanisubiri. Nilipanga niwakumbushe taratibu baada ya mazishi, kwa adabu.

Tulipofika getini tukasikia kicheko. Katikati ya uwanja, chini ya turubai, mama mmoja wa Kisukuma, muuza dagaa pale mtaani kwao, amevaa koti la marehemu la kuwindia na kofia yake, anachechemea kama marehemu, anakohoa kikohozi chake kilekile, bunduki begani. Wasukuma na sie Wanyamwezi kwa Wazaramo ni kitu kimoja, na msiba wa Mzaramo bila watani kufanya vituko haujaitwa msiba.

"Mke wangu, bandika chungu," anasema. "Nimeua simba. Ana mkia wa mbuzi, lakini usinihoji mbele ya wageni."

Waombolezaji hoi. Hata mjane, mlangoni, alikuwa anafuta macho kwa kanga huku mabega yanatikisika. Na mie nilicheka, sikatai. Kisha nikaona kwamba bunduki ile si ya mti.

Nikamwendea. "Dada, hiyo bunduki umeitoa wapi?"

"Kanipa mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba tunamzika leo."

"Ndiyo maana hakubisha."

Nikamwacha, nikaenda kwa mjane. Nikampa pole, halafu nikamuuliza kasha kalifungua nani.

"Mtani, mtoto alikuwa anatafuta kitambulisho cha baba yake, si unajua karatasi zinavyotakiwa. Kaliacha wazi."

"Ufunguo si alikuwa anauvaa marehemu shingoni?"

"Shingoni?" Akanitazama kwa huruma. "Marehemu alikuwa anapoteza hata meno yake. Ufunguo unakaa kwenye kopo la chumvi. Nyumba nzima tunajua."

Kwenye daftari langu imeandikwa shingoni. Aliniambia mwenyewe, akanionyesha na uzi.

Niliporudi uwanjani yule mama yuko mikono mitupu. Bunduki kaificha. Watani ndivyo walivyo, leo wataficha jembe la kuchimbia kaburi, kesho sufuria ya pilau, mpaka watolewe kitu. Siku nyingine ningecheka nikatoa kuku. Nikamweleza kwa upole kwamba hiki si chombo cha mchezo, kina sheria, na familia hii inaweza kupata matatizo.

"Mnyamwezi mzima unasimama upande wa wafiwa," akasema, kwa sauti ya watu wote kusikia. "Umekuwa Mzaramo lini?"

"Hapa nimekuja kama mwenyekiti."

"Mwenyekiti wa wanyama? Wenyewe walikuchagua?"

Katibu akaona anisaidie. "Mama, kwa mujibu wa sheria iliyopo—"

"Na huyu Mhaya kaitwa na nani? Watani wake wako kwao. Mpeni kiti, asubiri pilau."

Katibu akapewa kiti. Akakaa.

Nikaahidi kuku wawili. Nikaongeza kreti ya soda. Akatikisa kichwa. "Kuku tutakula tu, wapo. Mie nina wosia. Marehemu kaniambia, mtani wangu asipokubali kichuguu chake, mie nisizikwe."

Uwanja mzima ukatabasamu. Nikaona simu zinanyanyuka.

Sasa niseme lililokuwa kweli, maana limeshasemwa. Kichuguu kilikuwa changu. Jua lilikuwa linanipiga usoni, na mie sikutaka kuvaa miwani. Yeye alikuwa nyuma yangu, alikiona tangu mwanzo kuwa ni kichuguu, akaniacha nitambae mpaka mwisho ndipo akakohoa. Hilo la kuniacha ndilo lililoniuma. Kwa hasira nikawahi kufika kambini nikaigeuza hadithi, na nikishasema kitu huwa sirudi nyuma. Basi nikakaa na uongo ule miaka na miaka, mtu mzima, mwenyekiti.

"Onyesha," akasema yule mama.

Nikatazama saa. Karibu saa saba. Mazishi saa kumi. Jumatatu iko pale inanitazama. Nikapiga magoti kwenye mchanga wa Mbagala, nikalala, nikatambaa. Viwiko, tumbo, magoti, suti yote. Kuku akapita mbele yangu polepole, na yeye kama haamini. Yule mama anatembea pembeni yangu na koti la marehemu, ananiongoza: "Taratibu, atakusikia. Ana pembe ndefu huyo. Haya, nyati yuko wapi?"

"Si nyati."

"Ni nini?"

"Kichuguu."

"Cha nani? Wazee wa kule nyuma hawasikii."

"Changu," nikasema. "Kilikuwa changu."

Watani wenzangu wakapiga vigelegele. Mjane alikuwa amekaa chini kabisa, kanga mdomoni. Yule mama akaenda nyuma ya jiko, akaitoa bunduki chini ya magunia ya mkaa, akanikabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayemkabidhi mtoto mchanga, na macho yake yalikuwa mekundu. Hakuwa na mchezo tena. Nikaikagua. Haikuwa na risasi. Risasi zote zilikuwa bado kwenye kasha, ndani ya kopo lake la bati.

Nikapiga simu kituoni, nikaambiwa iletwe pamoja na leseni na mtu wa familia. Nikaenda na kaka wa mjane. Askari aliyekuwa zamu alifanya kazi yake inavyotakiwa. Alisoma namba tarakimu moja moja, akahesabu risasi, akarudia kuzihesabu, akaandika. Siwezi kumlaumu kwa jambo ambalo mie mwenyewe nimelipigania miezi minne. Niliilaumu saa ya ukutani.

Tulipofika makaburini wanaume walikuwa wanakung'uta mikono. Udongo umeshatengenezwa, umeshamwagiwa maji. Mtu niliyekula naye nyama ya moto porini, tukanywa maji kwenye kopo moja, sikumtupia hata kiganja cha mchanga. Nilisimama pale na karatasi ya polisi mfukoni, mchanga nilionao ni wa kwenye viwiko. Nikamwambia, haya, umeshinda. Halafu nikaondoka kwa sababu watu walianza kunitazama.

Jumapili ile video ilikuwa imeshafika kila mahali. Kwenye kundi la chama hakuna aliyeuliza habari za pori. Mmoja akaandika kwamba mwenyekiti ameshusha hadhi ya wawindaji. Mwingine akataka iitishwe kura. Daktari wa meno akauliza kama kichuguu nacho kinahesabiwa kwenye kibali. Katibu alinijia dukani.

"Mwenyekiti, kesho tuwe na hekima. Tukiulizwa, tutajibu. Tusipoulizwa, daftari linajieleza."

"Daftari lina shingo, ufunguo uko kwenye chumvi."

"Hilo hawalijui."

Nikamwambia tutaona.

Wanachama kumi na wawili waliahidi kuja Jumatatu kujaza viti, wakubwa waone kwamba tuko wengi. Alikuja mmoja, wakala wa kutoa mizigo bandarini, na huyo akatoka kupokea simu asirudi. Tukaingia wawili. Mkuu wa pale alikuwa mwanamke wa umri wa binti yangu wa kwanza. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia, akafungua daftari. Alilisoma kweli, si kulipekua. Kidole chake kikasimama Mbagala.

"Mzee, samahani. Kuna mzee anatambaa kwenye video. Ni wewe?"

"Ni mie."

"Na bunduki ilikuwa imefichwa."

"Chini ya magunia ya mkaa, haina risasi, haikufika saa nzima. Karatasi ya kituo hii hapa. Ilifika polisi mwenyewe hajazikwa."

Akaisoma karatasi. Akarudi kwenye daftari. "Lakini hapa umeandika ufunguo marehemu anauvaa shingoni. Sasa kasha lilifunguliwaje?"

Katibu akanikanyaga mguu chini ya meza. Alinikanyaga sawasawa, viatu vyake vya ualimu vile vina soli.

"Nilidanganywa nikaandika," nikasema. "Ulikuwa kwenye kopo la chumvi. Na kama huo ni uongo, mwingine humo upo pia. Nilitia sahihi kwa nilivyoambiwa, sikwenda kufungua makopo ya watu. Nilikosea. Nipe muda nikayafungue."

Katibu alitazama dari. Yule mkuu akaandika kitambo. Kisha akasema msimu huu tutapewa vibali vyetu, pori halifungwi. Lakini kabla ya msimu ujao chama kilete daftari jipya, funguo zimeonwa kwa macho, na kila mwanachama awe ameandika nani ataipeleka bunduki yake polisi siku atakapokufa, siku hiyohiyo. "Mkishindwa, mzee, msije kunieleza habari za kitoweo."

Kwenye ngazi katibu hakuweza kuvumilia. "Umetuponza."

"Msimu si tumepata?"

"Tumepata msimu mmoja."

"Ulitaka mingapi, kwa mguu wangu ulivyoukanyaga?"

Nikaitisha mkutano wa dharura, ukumbi wa jirani pale Mwananyamala. Safari hii walijaa, hata wa mikoani, walidhani wanakuja kupiga kura ya kuniondoa. Nikagawa karatasi, sentensi moja tu: nikifa, bunduki yangu itapelekwa polisi na. Halafu mstari mtupu.

Watu waliosimama mbele ya nyati aliyejeruhiwa wakaogopa kalamu. Mmoja akasema huku ni kujiitia kifo. Mwanasheria akashauri tuunde kamati. Mzee mmoja wa Songea akasema, "Andika wewe kwanza, tuone kama utaamka."

Nikaandika mie kwanza, mbele yao. Mwanangu wa kiume mmoja bunduki haitaki hata kuiona, mwingine yuko Mwanza. Mke wangu alishaapa ataitupa chooni. Nikaandika jina la binti yangu anayeshika duka, nikampigia palepale.

"Nikifa, siku hiyohiyo, kabla ya pilau, bunduki unaipeleka kituoni."

"Baba, unaumwa?"

"Siumwi. Niko mkutanoni."

"Haya, nimesikia. Ukirudi pitia mkate."

Nikawaambia asiyejaza hapati barua ya chama, na bila barua ya chama kibali akakifuate mwenyewe. Wakanuna, wakainama, wakaandika, mmoja mmoja wakaja kuziweka mezani zikiwa zimekunjwa kama za uchaguzi. Mpaka jua linazama wote walikuwa wamejaza. Nikabaki na katibu kuzifungua. Ya daktari wa meno ilikuwa ya juu. Alikuwa ameandika: mwenyekiti. Nikafungua ya pili, ya mwanasheria: mwenyekiti. Ya tatu, ya nne. Karibu nusu ya chama walikuwa wameniandika mie, na humo ndani wengi ningeweza kuwazaa, wa kutangulia kufa ni mie.

Katibu alivua miwani, akaniuliza kama azichape hivyohivyo.