Kibali Kwapani

Wiki iliyopita nilikuwa stesheni ya Usinge, nikisubiri gari moshi la abiria kwenda Tabora. Stesheni yenyewe ni ndogo: chumba cha tiketi, benchi moja, na kipande cha reli kinachogongwa kama kengele. Kijiji kizima cha ujamaa huenda shambani kwa mlio huohuo.

Gari la mizigo la kwenda Tabora lilikuwa limesimama. Reli yetu ni ya njia moja, kwa hiyo dereva haondoki mpaka mkuu wa stesheni amkabidhi kibali, fimbo fupi ya chuma. Mara wanakijiji wakafika na mama mjamzito juu ya kitanda cha kamba, uchungu umemzidi. Mkuu wa stesheni akakibana kibali kwapani.

"Ndugu, nipe niondoke," dereva alisema kutoka juu.

"Mama huyu anakwenda Kitete, hospitali ya Tabora."

"Hili ni gari la mizigo!"

"Naona. Ndiyo maana sijamkatia tiketi."

Dereva alifoka, akataja kanuni. Mkuu wa stesheni alinyoosha kidole tu kuelekea behewa la gadi, mlinzi wa gari, kule mwishoni, na wanaume wakapandisha kitanda. Bibi aliyemsindikiza mgonjwa alipokwisha kuketi, ndipo kibali kikatoka kwapani. Na yule dereva mkali akaliondoa gari polepole, kana kwamba amepakia mayai.

Jana nilipita Kitete. Mama mzima, mtoto mzima.

Gari letu la abiria lilichelewa siku ile, likisubiri lile la mizigo liachie njia. Sasa nikimsikia mtu analalamikia reli, namuuliza kwanza: nani alikuwa anapandishwa?