Kibuyu cha Maziwa Kabla ya Mbio

Naitwa Shabani. Ni fundi cherehani hapa Mikumi, na kwetu ni Kisanga, ambako wazee wangu wamelima mahindi na mpunga tangu hawajui kuhesabu miaka. Ninaandika haya kwa sababu najua kuna mtu mahali fulani ana homa inayoondoka na kurudi, mgongo unamkata, na kila anakokwenda anaambiwa ni taifodi. Mimi nilikuwa mtu huyo. Nilikaribia kubebwa kama gunia mpaka siku ya kuingia kaburini.

Kabla ya kuugua nilikuwa na afya ya kuudhi watu. Baiskeli nilijifunza utotoni kwa tobo, mguu umepita katikati ya fremu, maana baiskeli ya baba ilikuwa ndefu kuliko mimi. Nilikuwa naendesha huku nacheka peke yangu mpaka wanawake waliokuwa wakichota maji wanauliza mtoto huyu wa nani, ana akili sawasawa? Nilipohamia Mikumi nikaingia kwenye mashindano. Siyo yale ya kuonyeshwa kwenye televisheni. Ni ya sikukuu, kutoka Mikumi mpaka Kilosa, wengine na baiskeli za gia za mtumba, wengine na zile zile za kubebea mkaa, na mshindi anapewa mbuzi.

Mbuzi wa kwanza aliniharibu. Baada ya kumla yule mbuzi sikuendesha tena kwa raha. Niliendesha ili nimpite mtu. Njia yote ile nilikuwa naona kitu kimoja tu, tairi la nyuma la aliye mbele yangu. Nikishika nafasi ya pili, nyumbani hakukaliki. Mke wangu, mama Zuhura, aliniambia siku moja, "Baba Zuhura, ukishinda hucheki, ukishindwa huli. Sasa hii baiskeli ya nini?" Nikamjibu kwamba mambo ya michezo hayajui. Hayo yalikuwa maneno ya mtu mzima mwenye ndevu.

Sasa nije kwenye maziwa. Nina rafiki anaitwa Koinet, mfugaji, boma lake liko tambarare, ukitoka Mikumi kama unaelekea Kilosa. Tulijuana kwenye cherehani, alikuwa akileta mashuka yake niyapinde. Aliposikia nashindana, akaniambia nipitie kwake alfajiri ya siku ya mbio. Nikapita. Nikamwamkia mama yake, "Shikamoo, yeyo," kama wanavyomwita mama kwao. Akaitikia, "Marahaba," bila kuinua uso, kwa sababu mgongo wake ulikuwa umepinda na uso hauinuki. Koinet akanipa kibuyu cha maziwa yaliyokamuliwa muda ule ule, bado yana joto la ng'ombe.

Nikauliza kama yamechemshwa. Yule mama akacheka, akasema kitu kwa lugha yao.

"Mama anasema ya kuchemsha ni ya mgonjwa," Koinet akanifasiria. "Anauliza, wewe ni mgonjwa?"

Hapo utasema nini? Mwenye boma akikupa kibuyu, hukirudishi kikiwa na kitu ndani. Kukataa maziwa yake ni kukataa ng'ombe wake, na ukikataa ng'ombe wake umemkataa na yeye. Nikanywa mpaka nikakigonga kibuyu kitakoni. Siku ile nikashinda. Basi ikawa ndiyo dawa yangu. Kila mbio, napita bomani kwanza, na siku za mazoezi pia. Wenzangu wanaoendesha wakanionea wivu, na wawili watatu wakaanza kutafuta wafugaji wao.

Homa ilianza kama utani. Jioni nasikia baridi, usiku natoka jasho mpaka godoro linalowa, jasho lenye harufu ya nyasi kavu zilizonyeshewa. Asubuhi naamka mzima, nashona. Nikapima malaria, hakuna. Nikaambiwa ni taifodi na UTI, magonjwa ambayo siku hizi ukiingia tu mlangoni unapewa. Nikameza dawa. Homa ikaondoka, nikashukuru, ikarudi na viungo. Nyonga zikauma, magoti yakauma, kiuno kikawa kama kimepigwa mchi. Mhudumu mmoja aliniuliza, "Unafuga?" Nikasema mimi ni fundi cherehani, kwetu ni wakulima, hata kuku sina. Nilisema kweli, na ukweli ule ukanichelewesha.

Hapa nitasema wazi, mwenye haya aruke. Korodani yangu ya kushoto ilivimba. Ilianza kama ndimu, ikafika kama chungwa, inawaka moto. Mke wangu nilimwambia ni jipu la pajani. Siti ya baiskeli ikawa haikaliki, na badala ya kwenda hospitali nikafanya kazi ya ufundi wangu, nikashona mto wa sponji wenye tundu katikati, nikaufunga juu ya siti. Nilijiona mjanja sana. Nikameza vidonge vya maumivu kama mtu anavyotafuna karanga, nikaendelea na mazoezi, na kila nikitoka nikapita bomani kuongeza nguvu.

Siku ya mbio za mwisho nilikunywa kibuyu kizima huku natetemeka. Tulipokaribia Ulaya, hii Ulaya yetu ya Kilosa, siyo ile ya Wazungu, nilikuwa wa tatu. Nikasikia kitu kama waya wa moto kikishuka kutoka kiunoni mpaka vidoleni. Kisha sikusikia kitu tena. Nikaitazama miguu yangu juu ya pedeli, haisukumi. Nikaingia mtaroni na baiskeli juu yangu. Nikaita. Wenzangu wakanipita mmoja mmoja, vichwa chini, macho kwenye tairi la aliye mbele. Siwalaumu. Na mimi ningepita.

Walioniokota ni wanawake waliokuwa wanatoka shamba. Nikafikishwa Kilosa mjini, kisha nikapelekwa hospitali kubwa Morogoro. Siku zile sitamani kuzikumbuka, lakini nimeahidi kusema. Nilikuwa siwezi kugeuka. Mkojo ulipita kwenye mpira. Choo kilikuja bila mimi kujua, na mke wangu akawa ananisafisha kama alivyomsafisha Zuhura. Matakoni nikapata vidonda vinavyonuka. Nilimwomba Mungu anichukue, na nilimwomba kwa sauti, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaniambia, "Fundi, omba polepole, asije akakosea kitanda."

Huko nyumbani maneno yalikuwa mengine. Kaka yangu Hamisi alikuja Morogoro na swali moja tu, "Asubuhi ile ulikunywa kwa nani?" Nilipomjibu akapiga kofi pajani. "Basi umelishwa kitu!" Wakati ule ugomvi wa mashamba na mifugo ulikuwa umepamba moto kwetu, ng'ombe wameingia kwenye mahindi ya watu, na Hamisi hakuhitaji ushahidi zaidi. Koinet alipofika hospitali, Hamisi alimzuia mlangoni mwa wodi.

"Umekuja kutazama kama kazi yako imekwisha?"

"Nimekuja kumwona rafiki yangu."

"Huna rafiki humu."

Niliisikia sauti ya Koinet, na ilitosha mimi kuita jina lake. Sikuita. Nusu ya moyo wangu ilikuwa imeamini.

Aliyenitoa gizani ni daktari mmoja wa kike, mwembamba, asiyependa maneno mengi. Alitazama picha ya mgongo wangu, akanibonyeza kiuno, akainua shuka akaitazama ile korodani bila kukunja uso. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Unakunywa maziwa?"

Kabla sijafungua mdomo, mke wangu akajibu kwa fahari, "Sana, daktari! Tena mabichi kabisa, ya bomani. Ndiyo yanampa nguvu."

Daktari akamtazama, akanitazama. "Ndiyo yaliyomlaza hapa," akasema.

Damu ikapimwa, ikawa hivyo. Alinieleza taratibu kwamba ugonjwa unaitwa brusela, unatoka kwa ng'ombe na mbuzi, unaingia kwa maziwa mabichi, na usaha ulikuwa umekaa kwenye pingili za mgongo wangu ukibana mishipa ya fahamu. "Wafugaji wanaujua," akasema. "Kwa ng'ombe wanauita ugonjwa wa kutupa mimba." Wodi nzima ya wanaume ikasikia. Yule wa kitanda cha pili akauliza, "Kwa hiyo fundi ametupa ya miezi mingapi?" Watu wakacheka mpaka mwenye dripu akashika sindano yake. Na mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu nianguke, na kicheko kikaniuma mgongo nikalia.

Nikamuuliza kama nitatembea. Akasema, "Dawa utameza miezi, siyo siku. Ukiacha katikati, utarudi hapa na sitakuwa na la kukufanyia. Ukimaliza, tutaona." Hakunidanganya, na ninamshukuru kwa hilo hata kuliko dawa.

Kisha akauliza, "Katika boma hilo, nani mwingine anakunywa?"

Akilini nilimwona yeyo na mgongo wake. Nilimwona Nasieku, mke wa Koinet, ambaye mimba mbili zilikuwa zimetoka, na wenzake wakaanza kusema ana mkosi. Nilikumbuka na ng'ombe wa Koinet waliokuwa wakitupa ndama kabla ya wakati, yeye akisema ni ukame. Nikamwambia Hamisi, "Kamwite Koinet."

"Nani?"

"Kaka, nakuheshimu. Kamwite."

Koinet alikuja, akakaa sakafuni kando ya kitanda, fimbo yake magotini. Nikamweleza yote. "Kwa hiyo nimekuua kwa mkono wangu," akasema.

"Hujaniua. Bado napumua."

"Na Nasieku je?"

Nilimshika mkono tu, na Hamisi akatoka nje.

Dawa zile zinageuza mkojo kuwa mwekundu kama soda, zinachafua tumbo, na baada ya homa kuondoka unajiona umepona. Hapo ndipo watu wengi hupotea. Nilirudi Mikumi nikiwa nimebebwa, na nilitaka kuziacha. Mama Zuhura akawa anasimama mbele yangu na kikombe mpaka nimeze, kisha ananiambia nifungue mdomo aone. Vidole vya miguu vilianza kutikisika. Halafu nikakaa. Halafu nikasimama kwa kushika meza.

Cherehani yangu ni ya miguu. Siku moja nilimwomba mke wangu anisogeze, nikaweka nyayo juu ya pedeli. Hazikusukuma. Nikajaribu kesho yake, na kesho yake tena, jasho linanitoka kwa kazi ambayo mtoto anaifanya akicheza. Gurudumu likaenda kinyumenyume, uzi ukakatika. Kisha siku moja likazunguka, likazunguka tena, sindano ikashuka na kupanda kwenye kitambaa kitupu. Nikacheka kwa sauti. Mke wangu alitoka jikoni mbio akidhani nimeanguka. Nilikuwa nacheka kile kicheko cha tobo, nilichokuwa nimekisahau tangu yule mbuzi.

Baiskeli niliianza kwa kuikokota, kama mkongojo. Nikaja kuipanda. Mguu wa kushoto mpaka leo unaburuta, na baridi ikija kiuno kinanikumbusha mambo. Daktari alisema, "Endesha, lakini usimkimbize mtu." Sikukuu iliyopita niliingia mbio za Kilosa. Walinipita wote kabla hatujatoka Mikumi, na mmoja kati yao alikuwa amebeba mkungu wa ndizi na wala hakuwa mshindani. Nikaona mashamba ya mkonge ambayo nilikuwa nimeyapita miaka bila kuyaona. Ulaya nikashuka, nikawatafuta wale wanawake walioniokota, nikawakuta wawili, nikakaa nikala mua nao. Nilipofika Kilosa watu walikuwa wanakunja viti. Kijana wa maturubai akaniuliza, "Mzee, unamtafuta nani?" Nikamwambia mimi ni mshiriki.

Wewe unayesoma, ukiwa na homa isiyoisha, mwambie daktari unachokula na unachokunywa, hata asipokuuliza. Sehemu ya siri ikivimba, usimdanganye mkeo, wala usiishonee mto. Dawa zimalize. Na maziwa chemsha, awe amekupa nani. Namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari, na mama Zuhura sina maneno yake.

Si wote tuliovuka. Yeyo alikataa dawa, akasema mgongo wake ni wa uzee, akafariki akiwa amepinda vile vile. Nasieku alimeza zake mpaka mwisho, lakini mtoto bado, na siku hizi hakuna anayemuuliza mbele yangu.

Bado napita bomani kwao na baiskeli yangu. Nikifika, Nasieku haulizi, anamimina maziwa kwenye sufuria, anaweka jikoni. Hayaharakishwi. Moto ukizidi yanamwagika, ukipungua hayachemki. Tunakaa pale watatu, mimi, yeye na Koinet, tunayatazama mpaka yanapanda, yanashuka, yanapanda tena. Mimi niliyekuwa siwezi kumsubiri mtu barabarani, nasubiri.