Vibuyu Dirishani

Mama alipofariki, muda mfupi baada ya baba, mmea wake wa vibuyu uliendelea kutambaa kwenye ua wa nyumba yetu ya kanjo, ya kupanga kwa baraza la jiji, kana kwamba hakuna aliyeuambia. Tulikuwa watoto wanne katika chumba kimoja, mimi kifungua mimba. Nilikuwa nimeacha shule na kupata kibarua cha kuosha matumbo kwa wauza nyama wa Soko la Burma.

Mmea ulipokauka nilivuna vibuyu vitatu. Sikuvitaka kwa uji wala kwa kuuza. Nilitaka kuvichora, basi. Kutwa nzima mikono yangu ilifanya walichotaka wengine.

Kule mashambani vibuyu hukaushwa juu ya moshi wa kuni. Mimi, mtoto wa mjini, nikaning'iniza cha kwanza juu ya stovu ya mafuta ya taa. Kilinuka mafuta mpaka mbegu, nikakitupa. Viwili vilivyobaki nikavifunga dirishani, vipate upepo. Havikukawia kuota ukungu, madoa meusi kwa meupe. Nilikuwa tayari kuvitupa pia, lakini jirani yetu, mke wa mfanyakazi wa reli kutoka Kakamega, akavigonga kwa kidole.

"Wacha hivyo. Huo ukungu uko nje tu. Kidole kikizama, hapo sasa ulie."

Vijana wa kwenye mfereji walipata la kusema kila nilipokwenda kuteka maji. "Mganga, sasa! Tuangalizie mechi ya Jumapili!"

"Mtafungwa," niliwajibu. "Na hiyo ni bure."

Aliyenitisha ni shangazi, dada yake baba, mama wa kanisa kutoka Kiambu. Alikuja kutuona, akasimama mlangoni bila kuketi.

"Hivi ni vitu vya waganga. Na vimeoza. Nani ataoa msichana mwenye vibuyu dirishani?"

"Sijaomba kuolewa, Shangazi."

"Basi sikiliza. Nikirudi nivikute, nitamchukua huyu mdogo akakae kwangu. Hii si nyumba ya kulelea mtoto."

Mdogo wetu alikuwa bado hajaanza shule. Ndugu zangu wawili walinisihi nivitupe. Vibuyu viwili, walisema, kwa mtoto mzima? Nililala nikiliwaza. Lakini nilimjua shangazi. Leo vibuyu, kesho angesema kitanda, keshokutwa kazi yangu ya matumbo. Kama mtoto angebaki kwa sababu nimetii, basi angekuwa wake tayari, kaazimwa tu kwangu. Sikuvitupa.

Vikakauka vikawa vyepesi, mbegu zikicheza ndani. Nikaviloweka, nikakwangua ukungu kwa kipande cha chupa mpaka rangi ya mkate ikatokea. Nikapasha waya kwenye jiko la makaa na kuchoma mistari. Mstari wa kwanza ulikwenda upogo kwa sababu nilibonyeza sana. Waya hautaki nguvu, unataka upesi. Cha pili kilitoka vizuri, nikakizungushia pembe ndogondogo kama paa za mtaa wetu. Nikavirudisha vyote viwili dirishani, hata kile cha upogo.

Shangazi aliporudi, siku ile ile aliyotuma neno kwamba angekuja, alivitazama kwanza kabla ya kutusalimu.

"Kumbe hukunisikia."

"Nilikusikia, Shangazi. Vibuyu vinakaa. Mtoto anakaa pia."

"Una kichwa kigumu kama cha baba yako."

"Ndicho kinachotulisha. Karibu chai, ina maziwa."

Alimwita mtoto, akamwambia avae viatu waende. Mtoto akainama chini ya kitanda, akatafuta, akainuka mikono mitupu. Viatu vilikuwa kwa mke wa yule wa reli tangu asubuhi. Nilivipeleka mimi mwenyewe, nikijua mama wa kanisa hawezi kuingia Kiambu na mtoto pekupeku.

"Viko wapi?" shangazi akaniuliza.

"Sitakuambia."

Tulitazamana hadi chai ikaota utando. Kisha akaketi, akainywa hivyo hivyo, akaenda zake Kiambu peke yake.