Maji Yalitoka kwa Nani

Binamu yangu alinipigia simu nikiwa karakanani Gatsata, hapa Kigali, nimebana sindano mdomoni, nashona kiti cha lori. Alikuwa kwenye mji wa babu, kusini mwa Somalia, kando ya mto Juba. Alisema wazee wameketi kuamua mashamba, na kuna mtu anayedai shamba la babu ni lake. Hati hawakuziulizia, maana ziliungua vitani. Walitaka jambo moja: babu alipokea maji kutoka kwa nani, na akimaliza alimfungulia nani.

"Leteni jibu moja," binamu alisema. "Mkileta mawili mmekosa. Mna wiki mbili. Yule akishinda atalima kote, na kaburi la babu limo humo."

Nilidhani ni kazi nyepesi. Mashamba ya mji ule yamepangwa kwenye mfereji kama shanga kwenye uzi. Jirani akishanywesha lake anaziba kwa udongo na kukuachia maji, nawe ukimaliza unamwachia anayefuata. Mtu anaweza kusahau mipaka ya shamba lake, lakini hamsahau aliyekuwa akimchelewesha.

Jumapili nikamwita mjomba kutoka Kagarama, nikamketisha na mama sebuleni kwetu Ndera. Mama ana miaka sabini na kitu. Mjomba ni kitinda mimba wa babu.

"Tulipokea kwa mhunzi, tukampa mfuga nyuki," mama alisema bila kufikiri. "Hilo nalo la kuulizana?"

"Umechanganya, dada. Tulipokea kwa mfuga nyuki. Mhunzi ndiye tuliyempa."

"Mimi nimechanganya? Nilipoolewa wewe ulikuwa mgongoni, kamasi hujui kufuta."

"Nikajua ulipoondoka. Nimesimama kwenye mfereji ule miaka yote, wewe unakula samaki Kismayu."

"Samaki wa nani? Mume wangu alibeba ndizi bandarini mpaka bega likapinda."

Chai ikapoa. Mimi nilikuwa na kumbukumbu yangu, sikuitoa. Baba alipofariki, mama alituchukua kutoka Kismayu akaturudisha kwa babu. Nilikuwa na miaka tisa. Mfereji ninaoukumbuka mimi haukuwa na tone la maji. Ulikuwa njia yetu ya kwenda madrasa. Tulikimbia ndani yake vumbi likitufika kiunoni. Babu alikufa mwaka uliofuata, vita vikaja, tukaishia Tanga. Tangu hapo nimekaa Mwanza, Kampala, Bujumbura, na sasa Kigali, na kila nilipokaa nilikutamani nilikotoka. Lakini mji wa babu ndio nilioutamani kuliko yote, na kumbe sikuujua hata maji yake.

Wiki ile nilimuuliza kila mmoja peke yake. Mama alisema zamani za Waitaliano babu alilazimishwa kulima migomba yao, na shamba lake mwenyewe lilipata maji yaliyobaki. Yeye ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula. Alisimama mferejini pekupeku, na maji yalipofika yalikuwa meusi kwa masizi ya mhunzi.

"Miguu yangu ilikuwa ikitoka humo kama ya mchoma mkaa," alisema.

Mjomba, kwenye simu, alisema maji yalikuja na nyuki waliokufa. Aliwahi kukanyaga mmoja, mwiba ukamwingia unyayoni. Mwiba ule angeuonyesha kama ungekuwepo.

Sikujua nimwamini nani. Mhunzi na mfuga nyuki walikuwa pande mbili za shamba letu, na masizi hayaji na maji kutoka chini, wala nyuki. Nilianza kuogopa kwamba mama anaanza kupoteza kumbukumbu, na kwamba nikipeleka jibu la mjomba nitakuwa nimemwambia hivyo mbele ya wazee wa mji wake.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ilikuwa umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, na sisi tulipangiwa kuzibua mtaro wa barabara yetu. Nilisimama na jembe nikiyatazama maji. Jirani yangu, fundi mwashi, akaniambia, "Wewe muzehe, unaangalia maji kama iko inakuibia."

"Nauliza yanatoka wapi."

"Sha, maji inatoka juu, inashuka chini. Kwenu iko namna ingine?"

Wenzake wakacheka. Hapa Kigali mlima ndio unaoamua. Lakini kule kwetu ardhi ni tambarare kama sinia, na maji huenda watu wanakoyapeleka. Niliacha jembe mtaroni nikaenda kando kumpigia mjomba.

"Mfereji huo mliokuwa mkisimama ndani yake, nani aliuchimba?"

"Serikali. Waitaliano walipoondoka, serikali ilichukua mashamba yao, ikaweka pampu ya mto upande wa chini. Mfereji ukachimbwa upya, maji yaanzie kwenye pampu. Baadaye dizeli ikakosekana."

Kumbe wote wawili walisema kweli: kabla ya pampu maji yalitoka upande wa mhunzi, baada yake upande wa mfuga nyuki. Nikamweleza mama. "Hakuna aliyeniambia," alisema.

Jioni mjomba akaja. "Nilidhani unajua, dada. Nani angekuandikia barua ya mfereji?"

"Ungeandika wewe. Kamasi zilikuwa zimekauka."

Nilirekodi sauti zao wote wawili, pamoja na ugomvi, nikamtumia binamu. Akajibu, "Nimesema jibu moja."

Siku ya sita alipiga. Yule mdai mwingine alikuwa na jibu moja, la nyuki. Mzee mmoja akamuuliza, na kabla ya pampu? Akarudia lilelile la nyuki. Wazee wenyewe wakaanza kubishana, wengine masizi, wengine nyuki, mpaka kikao kikavunjika kwa kicheko. Shamba ni letu, maana rekodi aliyowachezea binamu ilikuwa na majibu ya nyakati zote mbili. Ila kuna sharti: mfereji unazibuliwa kabla ya mvua, na asiyetoa mtu wa kuchimba hana zamu, na asiye na zamu hana shamba.

Mjomba ana macho mabovu. Mama magoti hayamruhusu. Nimebaki mimi, ambaye sijawahi kukaa mahali mpaka mvua ya kumi. Mkoba nimeufunga na kuufungua mara mbili, na nikiwaaga wenzangu wa Gatsata sijui niseme naenda au narudi.

Mama ameniwekea kanga ya kufunga jembe.

"Ukifika usijitie kujua," alisema. "Uliza kwanza siku hizi yanatoka upande gani."