Kisiki cha Verlene Hakitoki

Saa tisa alasiri, jua la Florida likiwa bado halina habari ya kupoa, Verlene Hutto amesimama juu ya ngazi mbele ya nyumba yake, patasi mkono mmoja, nyundo ya mbao mkono wa pili. Bado amevaa fulana ya kazini ya rangi ya chungwa yenye mistari inayong'aa, na buti zake zimejaa majani makavu. Mbele yake kimesimama kisiki cha mnazi chenye urefu wa futi nane. Kina pua pana, kina mdomo uliofunguka, kina meno kumi na mawili. Macho hakina.

"Macho ni ya leo," anasema bila kugeuka. "Kesho saa sita mchana wanakuja na msumeno. Basi wamkute anawaona."

Kesho ni Ijumaa, siku ya mwisho aliyopewa na kamati ya wakazi wa Heron Bend, mtaa wa nyumba za trela mia moja na kumi ulio kilomita mbili kutoka ufukweni. Barua ya kamati inamtaka aondoe "mapambo yote ya kutisha", na kinachotajwa kwa jina ni kisiki hiki. Nilipoomba kuisoma, Verlene alinyoosha kidole kwenye uso wa tiki, kama anavyoziita sanamu zake za nyuso kwa jina la visiwa vya Pasifiki. Karatasi ilikuwa pale, imebanwa kwa misumari midogo. Alikuwa ameikunja mara mbili na kuikata kwa mkasi, akapata matundu mawili yanayolingana, na sasa anayafuatisha kwa penseli ili jicho moja lisiwe kubwa kuliko jingine.

"Karatasi nzuri," anasema. "Nzito. Hawakubana matumizi."

Verlene ana miaka sitini na mmoja. Kwa miaka kumi na tisa ameendesha lori la kukusanya taka za bustani: nyasi, matawi na makuti ambayo watu huyalundika kando ya barabara. Anaamka saa kumi alfajiri, analitoa lori saa kumi na moja, na saa nane mchana anakuwa amerudi. Analipwa dola ishirini na moja na senti arobaini kwa saa. Anasema ni kazi ambayo mtu hakuoni mpaka siku usipopita.

Kuchonga alianza kwa sababu ya lori. Kimbunga cha mwaka juzi kilipopita, kwa miezi mitatu mfululizo hakubeba kitu kingine ila makuti. Siku moja wakati wa kula, akiwa amekaa kwenye kivuli cha tairi na mfuko wa njugu za kuchemsha, aliokota kuti lililoanguka na kulitazama kitako, pale pana palipokuwa pameshikana na mti.

"Nikaona kidevu," anasema. "Nikaona na paji la uso. Nikasema, wewe, mbona una sura? Na mimi nilikuwa nakupeleka kusagwa!"

Alilipeleka nyumbani. Akalichonga kwa kisu cha jikoni, akaacha utepe mrefu wa kuti juu ya kichwa uwe taji, akalitundika ukutani. Jirani yake, Keoni Makaula, fundi wa mapaa mstaafu aliyezaliwa Molokai, kule Hawaii, alikuja kuazima ndoo, akasimama mlangoni akilitazama kwa muda mrefu.

"Dada, huyo si tiki," alimwambia. "Huyo ni mtu anaumwa jino."

Hivyo ndivyo mafunzo yalivyoanza. Keoni hachongi, vidole vyake vimekakamaa, lakini ana mdomo. Anavuta kiti, anaweka chai baridi pajani, na kumsumbua Verlene mpaka kazi iishe. Pua imepinda. Meno ni ya farasi. Shavu hilo umelinyima chakula? Verlene naye hamwachii. Anamwuliza kama huko kwao fundi wa mapaa huwa anajua kitu kilicho chini ya dari.

Jambo moja tu Keoni halifanyii mzaha. Bibi yake alimfundisha kwamba macho huchongwa mwisho, na huchongwa siku sanamu inaposimama mahali pake.

"Kabla ya macho ni gogo, unaweza kulikata ukapikia," anasema. "Ukishayafumbua, basi. Huyo ni mtu wa nyumbani kwako. Bibi yangu hakuwa na mchezo na hilo."

Leo tiki za Verlene ni arobaini na moja. Ziko ukutani, kwenye uzio, na moja iko juu ya tangi la gesi imetoa ulimi. Hajawahi kuuza hata moja. Mwenye baa ya ufukweni aliwahi kumpa ofa ya dola mia sita kwa tiki nne za magogo, fedha ambayo ingemlipia matairi mapya ya gari lake. Alikataa.

"Kazi ninayo," anasema. "Hii siyo kazi. Hii ni yangu."

Ugomvi na kamati, kusema kweli, ulianza kwa zawadi.

Mwaka jana mtaa ulipata mwenyekiti mpya, Denholm Stroud, mhasibu mstaafu aliyehamia kutoka kaskazini na mkewe Bettina. Verlene akaona amkaribishe. Kwa haraka ya kutaka kuwahi sherehe ya kuwapokea Jumamosi, alichukua kuti bichi, lililokatwa siku hiyohiyo, akalichonga uso wenye tabasamu zuri. Bettina alifurahi na kulitundika barazani, juu ya mlango.

Mchonga makuti yeyote wa pwani hii anajua kwamba kuti bichi halina uaminifu. Linatakiwa likauke wiki tano kwanza. Verlene alikuwa akilijua hilo vizuri kuliko wengi, na hadi leo analitaja akijigonga kipaji cha uso.

"Wiki ya kwanza tabasamu likanyooka. Ya pili likashuka. Ya tatu jicho moja likafumba na mdomo ukapinda upande, kama mtu kanusa samaki aliyeoza. Mungu wangu!"

Tatizo halikuwa sura kubadilika. Tatizo ni kwamba sura iliyotokea ilikuwa ya mwenyekiti mwenyewe. Watu walianza kupita taratibu mbele ya baraza yake. Wengine walipiga picha. Verlene alikwenda kuomba radhi akiwa na keki ya ndimu, akaeleza habari ya kuti bichi, unyevu na wiki tano, na Bwana Stroud akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akamwambia hajawahi kusikia kisingizio cha namna hiyo. Miezi miwili baadaye sheria ya mapambo ya kutisha ikaandikwa.

Zile ndogo Verlene yuko tayari kuziingiza ndani. Ameshaingiza kumi na tisa, zimejaa mpaka bafuni. Kisiki ni habari nyingine.

Mnazi huo ulipandwa na mumewe, Harlan, mwaka waliohamia hapa. Nazi aliiokota ufukweni ikiwa imeshachipua, akaileta akiwa ameikumbatia kwenye kiti cha mbele cha gari, na Verlene akakaa nyuma. Harlan alifariki miaka minne iliyopita kwa maradhi ya moyo. Kimbunga kilipokuja, mnazi ulikatika katikati, kilele kikaangukia barabarani badala ya kuangukia chumba alicholala Verlene. Kesho yake asubuhi alitoka na msumeno wa injini kuondoa kilichobaki, kama alivyoondoa minazi ya wengine wote, na hakuweza kuuwasha.

"Mikono ilikuwa mizima. Msumeno ulikuwa mzima. Nilikaa chini pale nikalia mpaka nikaona aibu. Minazi elfu nimebeba. Huu mmoja nimeshindwa."

Kwa hiyo alianza kuuchonga polepole, Jumamosi hadi Jumamosi. Shina la mnazi lina ukaidi wake. Nje ni gumu, lina nyuzi zinazokamata patasi, lakini ndani ni laini kama sponji. Ukichimba jicho zaidi ya kina cha kidole kimoja unaifikia sponji hiyo, mvua inaingia, na baada ya misimu miwili tiki inaoza kuanzia usoni. Meno ukikosea unaweza kupunguza. Jicho halina marudio.

Ndiyo maana mkono wake leo hauna haraka, ingawa muda unakwisha. Anagonga mara mbili, anapuliza vumbi, anaingiza kidole kupima. Keoni, kwenye kiti chake chini ya ngazi, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, amenyamaza.

Jicho la kushoto limekwisha saa kumi kasorobo. Dakika chache baadaye kigari cha gofu kinasimama barabarani, na Bwana Stroud anashuka akiwa na kofia nyeupe na faili.

"Mama Hutto."

"Bwana mwenyekiti. Karibu. Usikanyage patasi hiyo."

"Nimekuja kukukumbusha kwa wema. Wale vijana wa msumeno nimeshawalipa."

"Kanuni ya tisa inasema mti wenye mizizi haukatwi bila kura ya wakazi. Huu una mizizi. Vuta uone."

"Mti umekufa, mama. Mti uliokufa ni taka."

Verlene anashuka ngazi, hatua kwa hatua, mpaka wanatazamana. Ni mwanamke mfupi, lakini mabega yake ni ya kubeba magogo.

"Taka?" anasema. "Bwana Stroud, mimi ndiye ninayezoa taka za mtaa huu. Zako pia. Miaka kumi na tisa. Mtu mmoja tu hapa ana haki ya kuniambia taka ni nini, naye ni mimi. Hii siyo taka."

Mwenyekiti anafungua faili, anaifunga. Ananigeukia na kusema kwamba hana chuki na mtu, sheria ni sheria, na bei ya nyumba za mtaa mzima inategemea sura ya mtaa. Anayasema kama mtu anayeyaamini, na huenda anayaamini kweli.

"Nikuulize kimoja," Verlene anasema. "Ile zawadi yangu mliitupa?"

Bwana Stroud anairekebisha kofia yake.

"Mke wangu kaiweka chumba cha kufulia."

"Kwa nini?"

"Anasema inamchekesha," anajibu, na anarudi kwenye kigari chake haraka. Keoni anacheka mpaka chai inamwagika.

Verlene hacheki. Anapanda ngazi tena. Jicho la kulia linamchukua dakika arobaini, na katikati ya kazi patasi inateleza, anashtuka, anaingiza kidole kwenye tundu na kufumba macho yake mwenyewe. Hajafika kwenye sponji. Anashusha pumzi. Anang'oa barua iliyotobolewa, anawasha moto wa gesi na kupitisha mwali wake kwenye michirizi ya patasi mpaka inakuwa myeusi, kisha anarudi nyuma mpaka barabarani ili aone.

Tiki inatazama nje, moja kwa moja, kuelekea kona anakotokea kila mtu anayeingia mtaani. Haitishi. Ina uso wa mtu aliyeulizwa swali la kijinga na anayeamua kama atalijibu.

"Karibu nyumbani," Keoni anaiambia.

Ninamwuliza Verlene ana mpango gani kwa kesho. Anasema ameomba siku moja ya mapumziko, ya kwanza baada ya muda mrefu, ili akae hapa na kiti, njugu na kanuni ya tisa. Anasema wakazi ishirini na saba wameshamwambia watakuja na viti vyao. Mwezi ujao anataka kuanza kuwafundisha wanaotaka, bure, kila Jumamosi, na somo la kwanza litakuwa kuti bichi. Bettina Stroud amejiandikisha.

"Na wakimkata?" ninauliza. "Viti vikiwa vichache, kanuni isiposikilizwa, wakamkata?"

Anaokota patasi moja baada ya nyingine, anazifuta kwa fulana na kuzirudisha kwenye mkoba. Inaonekana swali hili alishajiuliza zamani.

"Wamkate," anasema. "Halafu wamlaze wapi? Kando ya barabara, kama taka zote. Na taka za Heron Bend huzolewa Jumatatu asubuhi."

Anafunga mkoba.

"Sasa waulize Jumatatu asubuhi lori linaendeshwa na nani."