Tumbo la Bruno

Juzi, hapa mjini Baraka, mjukuu wangu alimfunga mbwa wake mkubwa asikimbie baada ya kula. Nikamkumbuka Bruno.

Nilipokuwa mtoto, alikuwa mbwa wa mzungu ambaye baba yangu alikuwa mpishi wake. Kichwa chake kilinifika kifuani, lakini alikuwa mpole hata kuku walidonoa chakula chake. Mzungu alipopanda milimani Fizi, alituachia mbwa huyo. Kwetu mgeni hali kidogo, basi nikamrundikia bukari, ugali wetu wa muhogo, na ndakala, dagaa wa ziwani, kisha tukakimbizana mchangani kando ya ziwa.

Alirudi anadondosha mate, tumbo limevimba. Nikalipiga kwa viganja. Likalia kama ngoma. Nikacheka.

“Baba, angalia, Bruno ameshiba!”

Baba alimgusa. Akampaka mawese tumboni, polepole, kama alivyotupaka sisi tulipoumwa na tumbo. Harufu ile sijaisahau.

“Acha kumupiga, mutoto,” alisema. “Iko naumia.”

Sasa najua kwamba mbwa wakubwa namna ile wakishiba na kukimbia, tumbo hujipinda ndani, na mawese hayalinyooshi. Siku ile sikujua kitu. Kila nilipomwita, aligonga mkia chini mara moja. Jua lilipozama, nilikuwa bado namwita, na mkia haugongi tena.